Carter Harrison wa Chicago na Familia Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa zaidi kuhusu Carter Henry Harrison, meya wa Chicago aliyeuawa mlangoni kwake mwaka 1893. Mengi yanatokana na jambo moja: katika ukoo huu majina hurithiwa, baba kwa mwana na babu kwa mjukuu, na msomaji asipokuwa mwangalifu hujikuta amemzika mwana katika kaburi la baba. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Carter Harrison alikuwa nani hasa?

Alikuwa mwanasiasa wa chama cha Democratic aliyezaliwa Kentucky tarehe 15 Februari 1825 na kufia Chicago tarehe 28 Oktoba 1893, akiwa na umri wa miaka 68. Aliingia siasa baada ya moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871, alipochaguliwa kuwa kamishna wa Kaunti ya Cook. Toka mwaka 1875 hadi 1879 alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Kisha akawa meya.

Wakazi wa Chicago walimwita "Carter wetu". Alivaa kofia laini ya ukingo mpana na kuzunguka mitaa akiwa juu ya farasi wake wa Kentucky. Kumwona meya wa jiji kubwa namna ile akipita barabarani bila msafara ni jambo ambalo watu hawakulisahau.

2. Mbona kuna kumbukumbu zinazosema alikuwa meya mwaka 1897, na huku tunaambiwa aliuawa 1893?

Kwa sababu mwanawe alikuwa somo wake, na yeye pia alikuwa meya wa Chicago. Katika ukurasa huu tunawaita Carter baba na Carter mwana. Njia ya haraka ya kuwatenganisha ni kutazama mwaka:

- 1879 hadi 1887, na miezi ya Aprili hadi Oktoba 1893: huyo ni Carter baba.
- 1897 hadi 1905, na 1911 hadi 1915: huyo ni Carter mwana.

Chochote kinachotajwa kuhusu umeya baada ya Oktoba 1893 hakiwezi kuwa cha baba. Moto wa ukumbi wa michezo wa Iroquois, Desemba 1903, uliua watu zaidi ya 600. Meya wa wakati huo ni mwana. Bomu la Haymarket la 1886 ni zama za baba (tazama swali la 13). Ugomvi na Charles Yerkes, tajiri wa tramu, aliyetaka leseni za muda mrefu za kutumia barabara za jiji, ni wa mwana.

3. Kwa nini vitabu vingine vinamwita Carter Harrison wa Tatu, na mwanawe wa Nne?

Kwa sababu hesabu huanzia kwa baba wa babu yake. Carter Henry wa kwanza alikuwa mwenye mashamba huko Virginia. Mwanawe, Robert Carter Harrison, ndiye aliyehamia Kentucky. Robert akamzaa Carter Henry wa pili, na huyo akamzaa meya wetu, ambaye kwa hesabu hiyo ni wa tatu. Mwanawe ni wa nne, na mjukuu wake, naye Carter, ni wa tano.

Chicago haikujali hesabu hiyo ya Virginia. Magazeti ya jiji yalihesabu wawili tu, mkubwa na mdogo. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila usizichanganye katika andiko moja. Kosa linalojitokeza sana ni mtu kusoma "wa Tatu" akadhani ni mjukuu.

4. Alichaguliwa kuwa meya mara ngapi?

Mara tano: 1879, 1881, 1883, 1885 na 1893. Muhula ulikuwa wa miaka miwili. Ushindi mwembamba zaidi ni wa 1885, alipomshinda Sidney Smith kwa kura 375 tu. Mwaka 1884 aligombea ugavana wa Illinois akashindwa na Richard Oglesby, na mwaka 1891 aligombea tena umeya kama mgombea binafsi dhidi ya meya aliyekuwa madarakani wa chama chake mwenyewe. Kura za Democratic zikagawanyika, akapita Hempstead Washburne wa Republican.

Mwanawe naye alichaguliwa mara tano, lakini miaka yake madarakani ni mingi zaidi, kwa kuwa muhula wake wa mwisho ulikuwa wa miaka minne. Kwa hiyo anayeuliza nani aliongoza zaidi kati yao ajibiwe kwa makini: kwa idadi ya chaguzi wamelingana, kwa miaka mwana amempita baba.

## Ukoo na alikotoka

5. Alizaliwa na nani, na alilelewa vipi?

Alizaliwa karibu na Lexington, Kaunti ya Fayette, Kentucky. Baba yake alifariki mwaka uleule wa 1825, mtoto akiwa bado mchanga, kwa hiyo hakumjua baba yake kabisa. Alilelewa na mama yake, Caroline Russell, ambaye aliishi ujane kwa muda mrefu kabla ya kuolewa tena na mhubiri Thomas Dudley.

Kijana alifundishwa na Dkt. Louis Marshall, ndugu wa Jaji Mkuu John Marshall, kisha akaenda Chuo cha Yale na kuhitimu mwaka 1845. Alirudi shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 akaenda Ulaya kwa takriban miaka miwili, akafika hadi Misri, Syria na Asia Ndogo, sehemu ya safari akiwa na msafiri mashuhuri Bayard Taylor. Shahada ya sheria aliipata Chuo cha Transylvania, Lexington, mwaka 1855. Mwaka huohuo alioa na kuhamia Chicago.

6. Je, alikuwa na udugu na Marais wawili walioitwa Harrison?

Ndiyo, udugu wa damu kabisa, na ni rahisi kuueleza kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingi, maana sisi tuna majina ya kila ngazi.

Anzia Virginia, kwa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja: Benjamin Harrison wa tano, aliyetia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, na mdogo wake, Carter Henry wa kwanza. Mama yao, Anne, alitoka ukoo wa Carter, na hapo ndipo jina Carter lilipoingia kwa akina Harrison.

Mwana wa Benjamin ni William Henry Harrison, Rais wa tisa. Mwana wa Carter ni Robert Carter Harrison, babu wa meya. Hao wawili ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, yaani ndugu. Kwa hiyo kwa meya, Rais William Henry ni babu wa ukoo. Shuka tena: William Henry alimzaa John Scott, na John Scott akamzaa Benjamin Harrison, Rais wa 23. Meya na Rais Benjamin ni vitukuu wa ndugu wawili na wako katika kizazi kimoja, kwa hiyo wao ni ndugu.

Kosa la kawaida ni kusema meya alikuwa mjukuu wa moja kwa moja au mpwa wa Rais William Henry. Hakuwa hivyo. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Marais hao hawakuwa wa chama chake. William Henry alikuwa wa chama cha Whig, Benjamin alikuwa Republican.

7. Na Thomas Jefferson?

Udugu huo unapita upande wa wanawake. Mama wa Jefferson, Jane Randolph, na mke wa Carter Henry wa kwanza, Susannah Randolph, walikuwa dada, mabinti wa Isham Randolph. Kwa hiyo Jefferson na babu wa meya walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

8. Familia ilimiliki watumwa?

Ndiyo. Utajiri wa akina Harrison wa Virginia ulisimama juu ya kazi ya watumwa, na shamba la Kentucky lilikuwa katika uchumi huohuo. Mtaji uliomwezesha kijana Carter kununua viwanja Chicago ulitokana na mali hiyo ya Kentucky. Wanaomsifu kwa ukarimu wake wa baadaye mara nyingi huliruka jambo hili, na hilo si haki kwa watu ambao jasho lao lilinunua viwanja hivyo.

Anayetaka kuwatafuta watu hao katika sensa ajue kizuizi atakachokutana nacho. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa katika orodha ya pekee, chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu, bila majina yao. Majina hutafutwa kwingine: katika wosia, orodha za mirathi na hati za mauzo zilizohifadhiwa katika mahakama ya kaunti, kwa hapa Kaunti ya Fayette.

## Ndoa, watoto na nyumba

9. Alioa mara ngapi?

Mara mbili, na alikufa akiwa mchumba kwa mara ya tatu.

Mke wa kwanza ni Sophonisba Preston wa Kentucky. Walioana Aprili 1855, na safari yao ya baada ya harusi ndiyo iliyowafikisha Chicago. Kijana aliona mji wa matope unaokua kwa kasi, akaamua hapohapo kwamba riziki yake iko kwenye ardhi, akauza mali ya Kentucky na kuanza kununua viwanja. Sophonisba alifariki mwaka 1876 huko Ulaya (tazama swali la 11).

Mke wa pili ni Margarette Stearns, binti wa Marcus Stearns, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za Chicago. Walifunga ndoa London mwaka 1882, bwana harusi akiwa meya. Naye alifariki mwaka 1887.

Mchumba aliyebaki baada ya kifo chake ni Annie Howard wa New Orleans, anayejibiwa katika swali la 18.

10. Alikuwa na watoto wangapi?

Waliofika utu uzima ni wanne, wote wa Sophonisba: Caroline, aliyeitwa jina la bibi yake mzaa baba na ambaye baadaye aliolewa na Heaton Owsley, Carter, aliyezaliwa 23 Aprili 1860, William Preston, aliyezaliwa 1869, na ambaye jina lake la katikati ni la ukoo wa mama yake, na Sophonisba, maarufu kama Sophie, kitinda mimba. Wengine kadhaa walifariki wadogo. Ndiyo maana idadi ya watoto hutofautiana katika vitabu: mwandishi mmoja anahesabu waliozaliwa, mwingine waliokua. Ukikutana na idadi kubwa kuliko nne, uliza kwanza ni ipi inayohesabiwa.

Angalia pia kuna Sophonisba wawili, mama na binti. Baada ya 1876, Sophonisba Harrison yeyote wa nyumba hii ni binti.

11. Mbona mama yao alifia Ulaya?

Katika miaka ya 1870 Sophonisba aliwapeleka watoto Ujerumani wakasome, jambo ambalo familia zenye uwezo zililifanya sana wakati ule. Carter mwana alisoma huko Altenburg na akakijua Kijerumani barabara. Baba alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wakati familia iko ng'ambo. Mwaka 1876 mama alifariki hukohuko Ujerumani, na Harrison akabaki mgane mwenye watoto wanne, wawili wao wadogo sana, na kiti cha uwakilishi mkononi.

Kijerumani kilikuja kuwa mtaji. Wahamiaji wa Kijerumani walikuwa kundi kubwa Chicago, na baba na mwana wote waliweza kusimama mbele yao na kuongea lugha yao.

12. Nyumba yao ilikuwa wapi, na ipo leo?

Ilikuwa Ashland Avenue karibu na makutano ya Jackson, upande wa magharibi wa jiji. Iliwahi kuwa ya Henry Honoré, Mkentucky mwenzake aliyeuza viwanja eneo hilo, na jina Ashland ni la shamba la Henry Clay, mwanasiasa mkubwa wa Kentucky. Wakentucky walijaa hapo, kila mmoja akivuta wa kwao.

Moto wa 1871 haukuifikia. Ulianzia kusini magharibi ya katikati ya mji, ukasukumwa na upepo kuelekea kaskazini mashariki, na Ashland ilikuwa nyuma ya upepo. Anayesema nyumba ya Harrison iliteketea 1871 amekosea. Hata hivyo leo haipo, na anayeitafuta kwa namba yake ya zamani, 231, atapotea: jiji lilibadilisha namba za nyumba mwaka 1909, likaanza kuhesabu kutoka makutano ya State na Madison. Kwa hesabu mpya, Jackson iko kwenye 300 kusini. Tumia makutano, usitumie namba.

## Siasa ilivyoingia nyumbani

13. Alifanya nini usiku wa Haymarket?

Tarehe 4 Mei 1886 wafanyakazi walikutana karibu na Uwanja wa Haymarket kulalamikia polisi kuwapiga risasi wenzao siku iliyotangulia. Meya alikwenda mwenyewe, akasimama mahali pa kuonekana, akasikiliza hotuba. Kisha akaenda kituo cha polisi cha mtaa wa Desplaines, jirani tu, akamwambia Inspekta John Bonfield kwamba mkutano ni wa amani na askari wa akiba wanaweza kurudi makwao. Akapanda farasi wake kwenda nyumbani.

Bonfield hakufuata. Baada ya meya kuondoka alipeleka kikosi kutawanya watu waliobaki, bomu likarushwa, risasi zikafuata. Askari saba walikufa, na raia pia. Kesi ilipofika mahakamani Harrison alitoa ushahidi uleule aliompa Bonfield: aliyoyasikia hayakuwa ya uchochezi. Kwa meya wa mji uliojaa hofu na kiu ya kisasi, kusema hivyo kwa kiapo kulihitaji moyo.

14. Kwa nini hakugombea 1887, halafu akarudi 1893?

Baada ya Haymarket wafanyabiashara wakubwa walimgeuka, na mwaka 1887 ndio Margarette alipofariki. Aliacha siasa, akamchukua William Preston, na kuzunguka naye dunia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Barua alizotuma njiani zilikusanywa kuwa kitabu.

Mwaka 1891, baada ya kushindwa kama mgombea binafsi, alinunua gazeti la Chicago Times, na wanawe wawili wakalifanyia kazi. Gazeti lilimpa sauti ambayo magazeti mengine yalimnyima. Mwaka 1893 jiji lilikuwa linaandaa Maonyesho ya Dunia, naye alitaka kuwa mwenyeji wa wageni hao. Alimshinda Samuel Allerton, tajiri wa mifugo, ijapokuwa karibu magazeti yote makubwa yalikuwa kinyume chake.

## Mauaji ya Oktoba 1893

15. Aliuawaje?

Jumamosi ya 28 Oktoba, siku mbili kabla ya Maonyesho kufungwa, meya aliwahutubia mameya wenzake waliokuja kwa siku maalumu ya miji ya Marekani. Katika hotuba ile alisema anatarajia kuishi zaidi ya nusu karne nyingine. Jioni alirudi Ashland, akala, akajipumzisha. William Preston na Sophie walikuwemo nyumbani.

Karibu saa mbili usiku kengele ya mlango ililia. Kijana aliyeitwa Patrick Eugene Prendergast aliuliza kama meya yupo, na mtumishi akamkaribisha, maana nyumba ile ilizoea kupokea raia mwenye shida wakati wowote. Harrison alitoka kwenda ukumbini kumwona. Akapigwa risasi tatu. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, William Chalmers, alikuja mbio, lakini haukupita muda mrefu meya akakata roho.

Prendergast alikwenda mwenyewe na bastola yake kituo cha Desplaines, kilekile ambacho Harrison alikipitia usiku wa Haymarket.

16. Muuaji alitaka nini?

Alikuwa msambazaji wa magazeti mwenye asili ya Ireland. Aliamini kwamba kura za Harrison amezitafuta yeye, na kwamba kwa hiyo alistahili kuwa mwanasheria mkuu wa jiji, ingawa hakuwa mwanasheria. Aliwaandikia wanasiasa kadi nyingi. Jambo jingine lililomkaa kichwani ni reli: njia za treni Chicago zilikatiza mitaa katika usawa wa barabara na kuua watu kila mwaka, naye alitaka zinyanyuliwe.

Hapa ndipo watu hukosea kwa kuligeuza suala zima kuwa upuuzi. Hatari ya makutano yale ilikuwa ya kweli, na reli nyingi zilikuja kunyanyuliwa kweli. Kilichokuwa njozi ni imani kwamba ameahidiwa cheo.

17. Alihukumiwaje? Ni kweli Clarence Darrow alimtetea?

Ni kweli wakili huyo mashuhuri alimtetea, lakini si katika kesi ya mauaji yenyewe. Mahakama ilimtia hatiani Desemba 1893 na kunyongwa kulipangwa Machi 1894. Darrow aliingia baada ya hapo, katika shauri la pili la kuamua kama mfungwa amepoteza akili kiasi cha kutostahili kunyongwa. Walishindwa, na Prendergast alinyongwa 13 Julai 1894. Ukisoma kwamba Darrow "alishindwa kesi ya mauaji ya Harrison", sahihisha: alishindwa shauri la akili.

18. Annie Howard alikuwa nani?

Binti wa Charles Howard, aliyejitajirisha kwa bahati nasibu ya Louisiana. Kwa fedha zake Annie aliipa New Orleans maktaba kwa kumbukumbu ya baba yake. Harusi ilikuwa ifungwe Novemba 1893, na alikuwa Chicago mauaji yalipotokea. Kwa kuwa ndoa haikufungwa, si sahihi kumwandika kama mjane wa Harrison, ingawa baadhi ya nasaba humweka mstari wa mke wa tatu.

19. Nani alishika umeya?

Si mwanawe. Baraza la madiwani lilimchagua George Swift kukaimu, kisha uchaguzi maalumu wa Desemba 1893 ukampa kiti John Hopkins. Carter mwana alisubiri hadi 1897. Sherehe za kufunga Maonyesho zilifutwa. Mwili wa meya uliwekwa katika jengo la jiji ili wananchi wamuage, akazikwa makaburi ya Graceland.

## Waliobaki

20. Carter mwana alifanya nini zaidi ya umeya?

Ndiye meya wa kwanza wa Chicago aliyezaliwa Chicago. Alisoma Chuo cha St. Ignatius kisha sheria Yale. Mwaka 1911 alifunga danguro maarufu la Everleigh. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimteua kusimamia ukusanyaji wa kodi za serikali kuu mjini humo. Alifariki sikukuu ya Krismasi 1953, akiwa na miaka 93.

Mkewe alikuwa Edith Ogden, mwandishi wa hadithi za watoto. Jina Ogden lisikufanye umdhani binti wa William Ogden, meya wa kwanza wa Chicago wa mwaka 1837. Huyo hakuacha mtoto. Edith alikuwa binti wa Robert Nash Ogden wa New Orleans.

21. Na William Preston?

Alihamia Los Angeles, akakusanya michoro, na yeye na mkewe, Ada, wakaipa jumba la makumbusho la kaunti mkusanyo wao. Kaka yake naye alitoa michoro kwa Art Institute, jumba la sanaa la Chicago.

## Kwa anayefanya utafiti

22. Nimetafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto na sipati. Nafanya kosa gani?

Huenda hufanyi kosa lolote. Jengo la mahakama ya Kaunti ya Cook liliungua Oktoba 1871 pamoja na kumbukumbu zake, kwa hiyo chochote kilichoandikishwa Chicago kabla ya hapo kimepotea. Carter mwana na William Preston wote walizaliwa kabla. Fuata njia hii:

1. Anza na sensa ya 1860, 1870 na 1880, uone nani anaishi nyumbani na ana umri gani.
2. Usipoteze muda na sensa ya 1890. Karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington wa Januari 1921, na ndiyo ingeonyesha nyumba ya Ashland miaka mitatu kabla ya mauaji.
3. Kwa ndoa ya 1855 na yote yaliyotangulia, nenda Kentucky. Kwa kifo cha Sophonisba, Ujerumani. Kwa ndoa ya 1882, London.
4. Karatasi za familia, hasa za Carter mwana, ziko Maktaba ya Newberry, Chicago.

23. Majina yanaandikwaje?

Jaribu kila namna. Margarette huandikwa pia Margaret na Marguerite. Prendergast hupoteza herufi r ya kwanza akawa Pendergast, na majina yake mawili ya kwanza hugeuzwa, Eugene Patrick. Ukitafuta tahajia moja tu katika magazeti ya zamani utakosa sehemu kubwa ya habari.

24. Harrison Street imepewa jina lake?

Hapana, ni ya Rais William Henry, babu yake wa ukoo (swali la 6), na ilikuwepo kabla Carter hajafika mjini. Kilichowekwa kwa ajili yake ni sanamu ya shaba iliyochongwa na Frederick Hibbard mwaka 1907. Iko Union Park, kwenye Ashland ileile, mwendo mfupi kaskazini ya mahali ilipokuwa nyumba yake.